Paneli Zilizoelekea Kibla

Hajran binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba pale mama mkwe wake, Mai Basran, aliponitumia habari kwamba mtoto hatazaliwa nyumbani kwangu.

Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwao. Hilo halina mjadala. Binti hurudi kwa wazazi, hukandwa miguu, hulishwa ngano iliyokaangwa kwa samli na sukari guru, na arubaini ikitimia mume huja na sinia ya peremende kumchukua. Binti asiyerudi kwao, watu humtazama kwa huruma wakajua kwamba huko kwao hakuna mtu.

Mimi nipo. Asiyekuwepo ni mama yake. Na Mai Basran, ambaye Mungu alimpa ulimi kabla hajampa meno, aliwaambia wajumbe hivi: "Nyumba ya Khamiso imeshaua mwanamke mmoja kwa joto. Wa pili sipeleki. Akiwa na pangaboi lisilosimama mchana, nitamleta mkwe wangu mwenyewe, siku ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Akiwa hana, asinisumbue."

Nilikasirika kwa sababu moja tu. Alisema kweli.

Mke wangu Sabhagi alikufa mwezi wa sita, miaka mitatu kabla ya hapo. Transfoma ya mtaa wetu ililipuka Jumatatu. Nikaenda ofisi ya umeme. Mji wetu wa Garhi Juman una ofisi moja ya umeme, na ofisi ile ina dirisha moja, na nyuma ya dirisha lile kulikuwa na mtu mmoja aliyepaka nywele hina. Akaniambia niandike barua. Mimi nimesoma madarasa mawili, nikamlipa mwandishi wa pale getini aniandikie. Akaniambia barua haina muhuri wa diwani. Nikaenda kwa diwani. Nikarudi. Akaniambia njoo kesho. Kwa siku nne nilisimama pale dirishani mara tisa, na mara zote tisa alisema kesho bila kuinua macho.

Siku ya nne, saa kumi alasiri, saa ambayo kwetu hata mbwa huingia mferejini, nilikuwa nikimpepea Sabhagi kwa upepeo wa ukindu. Mkono wa kulia ukachoka, nikahamishia kushoto. Wa kushoto ukachoka, nikarudi kulia. Niliporudi kulia, hakuhitaji upepo tena.

Transfoma ililetwa siku ya kumi na tatu, baada ya mtaa mzima kuchanga pesa zetu wenyewe. Bili ya mwezi ule ilikuja kama bili za miezi yote.

Upepeo ule niliutundika msumarini ukutani, sikuugusa tena. Na tangu siku ile nililichukia jua. Nilikuwa sijalipenda hata zamani. Miaka thelathini nimefanya kazi katika kinu cha mpunga, nikigeuza mpunga uliochemshwa uwanjani kwa reki na kwa nyayo, na jua lilikuwa mnyapara wangu. Lakini tangu Sabhagi aondoke nililiweka fungu moja na ofisi ya umeme. Wote wawili wako juu, wote hawasikii, na wote hawana mwenzao wa kumwendea ukishindwana nao.

Basi nikapata habari ya Mai Basran, na Alhamisi yenyewe ilikuwa siku sita mbele. Nikauza mbuzi wawili, nikaenda sokoni kutafuta sola.

Sola nilikuwa nimeiona. Mwenye kinu alikuwa nayo, na diwani pia, na daktari. Duka lilikuwa moja tu mjini, la Manthar, mtu mnene mwenye pete tatu. Miaka sita nyuma niliwahi kuingia kuuliza bei. Hakuondoa macho kwenye simu. "Hii si ya watu wa kinu, Chacha," alisema, yaani ami, kama aitwavyo kila mzee. "Nunua upepeo." Nikanunua. Ndio ule.

Safari hii nilipokanyaga ngazi ya duka, Manthar alisimama. "Karibu, Sain, karibu ndani. Nyie, mleteeni Sain kiti na maji ya baridi."

Niligeuka nyuma nimwone huyo Sain, huyo bwana mkubwa, aliyekuwa akiingia. Nyuma yangu palikuwa na punda.

Nikakaa. Maji yakaja, baridi kweli. Manthar akaniuliza nataka wati ngapi. Nikamwambia wati sizijui, nataka pangaboi lizunguke mchana kutwa mwezi wa sita. Akasema hiyo ni paneli mbili na pangaboi la sola lenyewe, halafu akataja bei. Ilikuwa chini ya nusu ya ile ya miaka sita nyuma, lakini ilizidi mbuzi wangu wawili. Nikaweka gilasi, nikainuka kama nilivyozoea kuinuka pale dirishani, nikatoka.

"Sain! Sain, unakwenda wapi? Hatujamaliza."

Sikugeuka. Haikunijia kwamba ni mimi ninayeitwa. Nina miaka sitini na minne, na katika miaka hiyo nimeondoka mbele ya watu wengi wenye vitu ninavyovihitaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita nirudi. Manthar akatoka mwenyewe juani, miguu mitupu, akanishika mkono wa kanzu.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa barabara. "Mzee, usikubali. Huyo ni shemeji yangu, namjua. Alimuuzia marehemu baba paneli moja kwa bei ya ng'ombe."

Nikatazama. Kulikuwa na duka jingine, jipya, rangi bado inanuka. Mlangoni amesimama Punhal, ambaye zamani nilimwona dukani kwa Manthar akibeba betri. Ni mdogo wake mke wa Manthar.

"Baba yako alikuwa na ng'ombe?" Manthar akamjibu kwa sauti ya soko zima. "Alikuwa na mbuzi mmoja, naye wa kuazima."

"Ndiyo maana ulimwoa dada bila mahari. Ulimwonea huruma mbuzi."

"Dada yako jana usiku kasema duka lako litafungwa kabla ya Idi."

"Dada jana usiku alikuwa kwangu anakunywa chai. Kasema nyumba yako ina joto."

Watu wakaanza kusogea. Muuza barafu akaacha barafu yake iyeyuke. Punhal akataja bei yake, chini ya ile ya Manthar. Manthar akashusha. Punhal akasema atatoa nyaya bure. Manthar akasema yeye atatoa nyaya bure na nyaya zake ni za shaba. Na mimi nimesimama katikati ya barabara, mtu wa kushika reki, jua la utosi, shemeji wawili wanaitana majina ya wanyama kwa ajili yangu.

Nilichokiona siku ile bado nakifikiria. Maisha yangu yote nimeona bei zikipanda: unga, samli, dawa, bili. Sikuwahi kuona bei ikishuka mbele ya macho yangu, hatua kwa hatua, kama maji ya mfereji wakifunga lango juu.

Nikamuuliza Punhal, "Mwanangu, miaka sita nyuma vitu hivi viliuzwa bei ya shamba. Vilikuwa vya dhahabu?"

"Chacha, miaka sita nyuma mimi nilikuwa mle ndani nabeba mizigo ya shemeji," akasema. "Hapa nilipo palikuwa na ukuta mtupu. Ungetoka mle ungekwenda wapi?"

Nikanunua paneli kwa Punhal, maana ndiye aliyekuwa wa mwisho kushusha. Pangaboi nikanunua kwa Manthar, kwa sababu nililipima mkononi likawa zito, na la Punhal lilikuwa jepesi kama ahadi. Wote wawili wakakasirika. Wote wawili wakanipa chai.

Paneli nikazifunga ndani ya mfarishi wa viraka alioshona Sabhagi, nikazipakia kwenye mkokoteni wa punda, nikatembea kando yake mpaka nyumbani, mkono juu ya kioo kama mtu anayepeleka mgonjwa.

Tatizo likawa fundi. Punhal aliniahidi fundi Jumanne, lakini mji mzima ulikuwa unapandisha paneli, na Jumanne ikapita, na Jumatano asubuhi ikafika. Mai Basran alikuwa anakuja kesho yake. Nikampigia Punhal simu.

"Chacha, jenga kiegemeo cha matofali mwenyewe," akasema, na nyuma yake nasikia watu wanagombana kuhusu betri. "Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Paneli zisilale chali, ziegemeze. Na zielekeze upande jua linakoinamia."

"Linakoinamia?"

"Ndiyo, linakoinamia siku zote. Mtu wa umri wako hujui?"

Nilijua. Kila kitu alichoumba Mungu kinainama, na kinainama upande mmoja. Juu ya dari letu, lile paa bapa, Sabhagi alikuwa amechora kwa chokaa mstari wa kibla, ambayo kwetu ni magharibi, wa kuswalia siku za baridi. Nikafuata mstari ule. Nikajenga kiegemeo kwa matofali na saruji, nikakifanya kimeinama vizuri, kama mtu aliye katika rukuu. Sikutaka kazi ya kitoto. Nikazisimika paneli, nikazifunga kwa vyuma, nikapaka saruji na vyumani. Nilipomaliza kuunga waya wa mwisho muadhini alikuwa anaita magharibi. Jua limeshakwenda, sikuweza kulijaribu. Nikalala nikijua nimefanya jambo la dini na la dunia kwa pamoja.

Alhamisi jua lilipochomoza nilikuwa nimekaa chini ya pangaboi nikilitazama. Halikutikisika. Saa mbili likajivuta kidogo, likafikiri. Saa tatu, bajaji iliposimama mlangoni, lilikuwa linazunguka, lakini polepole kiasi cha nzi kutua juu yake wakazunguka nalo kama watoto kwenye bembea.

Hajran akaingia kwanza, uso umemvimba, mkono kiunoni. Akanibusu mkono. Nyuma yake Mai Basran, na nyuma ya Mai Basran dereva na furushi la nguo za Hajran. Mai Basran akaonyesha furushi liwekwe mlangoni. Lisifunguliwe. Akakaa kwenye kitanda cha kamba, akainua kidevu, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Khamiso," akasema, "hili ni pangaboi au saa ya ukutani?"

Nikawapungia nzi mkono waondoke.

"Mimi naona linaonyesha saa tatu na robo. Hajran, wewe unaonaje?"

"Mama, ngoja lipate moto," Hajran akasema.

"Moto? Moto upo, binti yangu. Moto ndio umejaa humu."

"Mai, nipe muda nimwite fundi," nikasema.

"Nakupa mpaka adhuhuri. Baada ya swala tunarudi. Sikuja kubishana, Khamiso, nilimpenda Sabhagi kama dada. Lakini huyu amebeba damu ya mwanangu."

Nikapanda darini. Nikampigia Punhal, na sauti yangu nadhani ilimtisha, kwa sababu alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Alipanda ngazi akihema, akaziona paneli, akazitazama, akazizunguka kwa nyuma, akakaa chini kwenye ukingo wa dari akashika kichwa. Nikadhani amepatwa na jua. Alikuwa anacheka.

"Chacha, umeziswalisha."

"Wewe ndiye uliyesema zielekee jua linakoinamia."

"Nilisema linakoinamia, yaani kusini. Jua letu linakwenda limeegemea kusini."

"Kusini kuna nini cha kuinamia?"

Akanyoosha kidole. "Tazama mji."

Nikatazama, na ingawa nilikuwa mtu aliyekwisha, nilishangaa. Jana yake nilipopanda nilitazama matofali yangu tu; kuangalia mbali, sikuwa nimeangalia tangu Sabhagi afe. Kila dari lilikuwa na paneli. Si la mwenye kinu tu, la diwani tu. La mfua nguo. La muuza barafu. La mjane anayepika mikate kule kona. Zilikuwa mamia, nyeusi, zinang'aa, zote zimetazama upande mmoja kama mpunga uliolazwa na upepo. Hakuna mkubwa aliyewaamuru. Hakuna barua iliyopigwa muhuri. Ni watu wa upepeo, mmoja mmoja, wamepanda na matofali yao. Na katikati ya zote, mbili tu, zangu, zimegeuka magharibi zimeinama rukuu.

"Tuzigeuze," nikasema.

Punhal akagonga saruji kwa kisigino. "Hii umeijengea kaburi la mfalme? Hapa panahitaji nyundo kubwa na mtu wa kuishika. Nitakuletea kesho."

Neno hilo nalijua. Nikakaa kwenye ngazi.

Adhuhuri Mai Basran akaswali, akasimama, akafunga mtandio wake. Lakini dereva wa bajaji alikuwa amelala kivulini chini ya chombo chake, na alipoamshwa alisema hakuna pesa itakayomtoa barabarani kabla makali ya jua hayajavunjika. "Mai, jana lami iliyeyuka ikashika tairi," akasema. "Na huyo mjamzito wako utampika." Muda huohuo umeme wa ofisi ukakatika, kama desturi yake, na jokofu la jirani likanyamaza.

"Basi tutangoja," Mai Basran akasema, akarudi kitandani. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa jela moja na mwizi wake.

Nikakaa pembeni. Sikutaka kumwona Hajran akitokwa jasho katika chumba kile, kwenye ukuta uleule.

Sikumbuki lilianza lini. Nadhani saa saba na nusu. Nzi waliondoka kwanza. Halafu panga zikaacha kuonekana moja moja. Kona ya mtandio wa Mai Basran ikainuka, ikalala, ikainuka tena ikabaki juu. Saa nane pangaboi lilikuwa linavuma. Saa tisa kalenda ya kinu iliyo ukutani ilianza kujifunua kurasa yenyewe. Hajran alikuwa amelala chali chini yake, macho yamefumba, nywele za paji la uso zinacheza.

Nikatoka nje. Jua lilikuwa limeshuka upande wa kibla, limenielekea usoni, lile lile, la saa ile ile. Lilinipiga mpaka nikaona weusi. Nikaingia ndani, upepo ukanipokea. Nikatoka tena. Nikaingia tena. Nilifanya hivyo kama mwendawazimu, sijui mara ngapi, kwa sababu akili yangu ilikataa: nje linaua, ndani linapepea, na kadiri lilivyozidi kuua ndivyo lilivyozidi kupepea. Hakukuwa na jua jingine. Lilikuwa ni lile moja.

Halafu nikasikia kitu kinagonga ukuta. Tak, tak, tak, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Nikageuka. Ulikuwa ni upepeo wa ukindu. Upepo wa pangaboi ulikuwa unautikisa pale msumarini. Miaka mitatu haukusogea, na sasa ulikuwa unapepea wenyewe, bila mkono wangu, saa kumi alasiri.

Nilikaa chini sakafuni.

Punhal, ambaye joto lilimzuia naye kuondoka, aliniita kutoka darini. Nikapanda. Alikuwa na kile kipimo chake chenye namba, amekiweka kwenye nyaya zangu. Hakuwa akicheka tena.

"Chacha, saa hizi zile za kusini zimeshalegea," akasema. "Nyumbani kwangu feni inaanza kuchoka. Zako ndio kwanza zimeamka. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Wewe ulikosea kusema, mimi nikakosea kusikia."

"Sisi wote tunazilenga saa sita. Na anayetuua ni saa kumi." Akafuta jasho, akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anasikiliza. "Shemeji asijue."

Shemeji alijua kabla ya Jumapili. Wiki iliyofuata Manthar alibandika kibao: Tunafunga mtindo wa kibla, bei nafuu. Punhal akabandika chake: Kibla halisi, ulizeni Chacha Khamiso. Hakuna aliyenilipa kitu, lakini nikipita pale bado nanyweshwa chai pande zote mbili.

Alhamisi ile niliposhuka kutoka darini, saa kumi na moja, dereva alikuwa anapiga honi. Hakuna aliyetoka. Nikachungulia. Mai Basran alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma, ulimi wake umepumzika pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Honi ikalia tena. Akafumbua jicho moja.

"Kamwambie aende," akasema. "Aje kunichukua Jumamosi. Mimi peke yangu." Akafumba.

Hajran akainuka polepole, akaenda mlangoni, akachuchumaa kwa shida, akafungua furushi.

Baada ya wiki mbili alikuja mtu mlangoni. Alikuwa ni yule wa dirishani, mwenye hina. Sikuwahi kumwona ana miguu. Aliniita Sain. Alisema ofisi yao inawatembelea wateja, maana wengi wanahama, na angependa kujua kama nina malalamiko. Nikamkaribisha. Desturi ni desturi. Nikamkalisha chini ya pangaboi, nikampa maji.

"Nilikuja kwenu mara tisa kwa siku nne," nikamwambia.

Akatazama maji. "Hatukujua hali ilikuwa mbaya hivyo, Sain."

"Mlijua. Na mlijua pia kwamba sina pengine pa kwenda."

Akanywa, akaondoka. Siku hizi transfoma ikilipuka huja siku hiyo hiyo. Sijawashukuru, wala sitawashukuru. Wema wenyewe uliwashinda miaka yote. Kilichowatoa ofisini ni dari la mfua nguo.

Mtoto alizaliwa alasiri, siku ambayo redio ilisema nyuzi joto ni hamsini na moja. Mimi nilikuwa uani. Mkunga akatoa kichwa mlangoni, akasema, "Mzee, ni wa kike, mzima. Lakini upepo ni mkali mno kwa mtoto mchanga. Punguza."

Nikamwambia pangaboi lile halina swichi ya kupunguza. Hulizungusha jua lenyewe.

"Basi lipunguze jua," akasema, akafunga mlango. Alikuwa na kazi, hakusikia alichokisema.

Nikachukua mfarishi wa viraka wa Sabhagi, nikapanda darini, nikaufunika juu ya paneli moja. Chini yangu nikasikia mvumo ukishuka, ukatulia, ukawa pumzi. Upepo wa saa ile ulitaka kuunyakua mfarishi, kwa hiyo nikapiga magoti nikaushika kwa mikono miwili, nimeelekea kibla, jua limenijaa usoni. Nilibaki hivyo mpaka magharibi. Mtoto alilia mara moja tu, halafu nikasikia Hajran akimwimbia.